Nepi Zilizotiwa Wanga

"Usisifu nepi kambani, muulize aivaaye." Mmeisikia leo, mmecheka, na sasa mnauliza ilikotoka. Watu hupenda kuamini kwamba kila methali ilitungwa na wahenga. Hii ilitungwa na mkunga aliyeudhika, na ilianza hivi.

Mbaruku alikuwa dobi wa Pangani, bingwa wa kanzu zilizoweza kusimama bila mtu ndani. Alipopata mtoto wa kwanza, hakumwachia mkewe, Saumu, nepi hata moja. Alizifua mwenyewe, akazitia buluu zing'ae na wanga zikakamae, akazianika mbele ya nyumba ili wapita njia wazione. Waliziona, wakamsifu.

Siku ya kumi mtoto akawa analia kila anapofungwa nepi. Mapaja na makalio yalikuwa mekundu, yamechubuka. Mbaruku akatoka barazani, akasema mbele ya majirani, "Mimi nafua, yeye hata kumpangusa mtoto hawezi!" Saumu, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani kumbembeleza mtoto.

Alasiri ile aliitwa mkunga, Bi Mwantumu. Alimkagua mtoto, kisha akachukua nepi moja iliyokunjwa na kumsugua nayo Mbaruku shavuni.

"Aa, Bi Mwantumu! Inakwaruza!"

"Kumbe? Na wewe una ndevu, baba. Mwenzio ana siku kumi."

Mbaruku alitamani mkewe amtukane, lakini Saumu alikuwa jikoni akipasha maji. Mkunga akamwelekeza dobi: maji ya uvuguvugu bila sabuni, kukausha kwa kugusagusa kwa khanga kuukuu, si kusugua, kumwacha mtoto wazi apigwe na hewa, kisha mafuta ya nazi kidogo. Mikono iliyozoea kukamua mashuka ikajifunza kugusa ngozi ile polepole.

Siku ya tatu tangu mkunga aje, wekundu ulipungua. Aibu haikupungua. Nepi zilining'inia kambani zimelegea, zimesuuzwa mara nne.

"Vipi dobi, wanga umekuishia?" jirani mmoja alimdhihaki.

Angeweza kunyamaza. Lakini Saumu alikuwa ndani akisikia, na yale maneno ya juzi yalisemwa papo hapo barazani.

"Wanga ndio uliomchubua mwanangu," alisema. "Mke wangu hakukosa. Nilikosa mimi, nikamsingizia yeye."

Majirani wakazitazama nepi, maana kumtazama yeye kulikuwa kuzito. Akawaambia maneno aliyoachiwa na mkunga alipoaga siku ile:

"Usisifu nepi kambani, muulize aivaaye."