Mwalimu Aliyetundika Baragumu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri, tena wote kwa sauti moja. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Hapo zamani za kale, kabla nyanya yake nyanya yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji mlimani, na maji yake yote yalikuja kwa mfereji mmoja. Jumbe wa kijiji alipenda watoto, akawajengea banda kubwa la kufundishiwa. Asubuhi baragumu likalia, vuuu! Watoto wakaingia. Adhuhuri likalia, vuuu! Watoto wakatoka. Aliyelipuliza ni Mzee Shemweta, na ndiye aliyefundisha, miaka thelathini.

Basi, palikuwa na mfinyanzi mjane, Mama Nandera, na binti yake mmoja. Nyumbani Nandera alikuwa na maneno kama chiriku. Mbona udongo huu mwekundu? Mbona ule unanuka mvua? Bandani alikuwa kimya. Wenzake walijibu kwa kuimba, yeye bado anafikiri. Wakamwita Gogo. Ikafika hata nyumbani akaacha kuuliza. Mama Nandera alimtazama akikaa kando ya moto, na moyo ukamuuma. Aliona mtoto anazimika kidogo kidogo, kama kaa lililotolewa jikoni.

Siku moja Mzee Shemweta alichoka, ulimi ukamteleza.

"Ng'ombe ana miguu mitano. Mingapi?"

"Mitanooo!"

Sauti ndogo ikatoka nyuma. "Mwalimu, wa kwetu ana minne. Huo wa tano uko wapi, nikautazame?"

"Leo Gogo limesema," wakanong'ona wenzake, wakacheka. Mzee Shemweta naye akacheka, kwa! kwa! kwa! mpaka akakaa chini. Kisha akainuka. Akalitundika baragumu ukutani, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Mama Nandera.

"Mwanangu, mtoto wako akae nawe nyumbani."

"Mzee wangu, herufi sizijui. Nitamfunza nini?"

"Unajua nini?"

"Udongo."

"Anzia hapo. Akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha nendeni mkatafute. Mimi miaka thelathini sikupata kusema sijui. Watoto wamejifunza sauti yangu, basi."

Jumbe akasikia, akamweka mwingine bandani afundishe. Akaamuru: nyumba isiyoleta mtoto bandani haina zamu ya maji. Tawi la mfereji liendalo kwa Mama Nandera likazibwa, ndi! Maharage yake yakaanza kunyauka, na maharage yale ndiyo chakula cha mwaka mzima. Mara tatu aliifunga kanga aende kumwomba Jumbe radhi. Mara ya tatu Nandera akamshika mkono.

"Mama, ufa wa mtungi huanzia ndani au nje?"

Lilikuwa swali la kwanza nyumbani tangu masika. Mama Nandera akaifungua kanga.

"Sijui, mwanangu."

Wakapasua mitungi miwili, wakatazama. Maji wakayateka bondeni, kwa kichwa. Mzee Shemweta naye akabeba, shwa! shwa! ameloa mpaka kiunoni.

"Babu, mtungi umekupenda," wanawake wakamtania. "Lini harusi?"

"Subirini ukauke, niuulize wenyewe."

Jioni akachora herufi kwenye udongo mbichi, na mama na binti wakazisoma pamoja.

Maharage yakiwa yamebaki nusu, Jumbe akaja na wazee wake kumi.

"Nimekuja kumpima. Binti, mtungi huu unaingia kata ngapi za maji?"

"Sijui, Babu."

"Umesikia, Shemweta? Hajui." Jumbe akawageukia wazee wake. "Ngapi?"

"Ishirini, Jumbe!" wakajibu wote.

"Mmepima?" Jumbe akauliza.

"Hatujapima, Jumbe!" wakajibu wote.

Hapo tayari Nandera alikuwa na kata mkononi. Moja, chwa! Mbili, chwa! Jumbe akajikuta anahesabu naye, akichuchumaa, joho limo matopeni.

"Kumi na saba, Babu. Na kidogo."

Jumbe akawatazama wazee wake. Akawaza ni mangapi aliyojibiwa namna ile tangu ashike kiti. Akaanza kucheka, na kabla hawajacheka naye akawaambia, "Nyinyi nendeni mkazibue mfereji."

Watu wakataka kuvunja banda. Mzee Shemweta akakataa. "Paa lake halivuji, na wapo watoto wanaolipenda. Mlango tu usifungwe." Ikawa hivyo. Wengine wakasoma bandani, wengine majumbani, na wengine huku na huku.

Mzee Shemweta alipofariki, arobaini yake haikuwa ya vilio. Nandera, mfinyanzi mkubwa sasa, alilitungua baragumu. Vuuu! Wakubwa wote wakaingia bandani, watoto wakasimama mbele, wakauliza:

"Ng'ombe ana miguu mingapi?"

Wakubwa wakafumbua vinywa, wakavifumba. Wakanyanyuka wote, Mama Nandera mbele na mkongojo wake, wakaenda zizini kuhesabu. Hufanya hivyo kila mwaka.

Basi mtoto akisema sijui, kisha akanyanyuka kwenda kutazama, mpisheni apite, popote alipo.

Hadithi nimeitua hapa. Asiyeniamini, zizi liko kule.