Bibi Pimbi na Mkeka wa Fisi

"Hadithi, ije isije?"
"Ije!"
"Na uongo wake?"
"Na uongo wake, ndio utamu!"

Basi, mlimani huko, mbali na barabara, palikuwa na kijiji cha wanyama wazee. Siku moja Fisi akapanda, hee hee hee, akatandika mkeka. Akasema, "Mavuno yakiisha, kila atakayekuwa mkekani atainuka. Atakayesema 'nishikeni mkono', huyo ni kitoweo changu."

Mzee Ngiri akalia. Magoti yake yalifanya ka! ka! hata akipiga chafya.

Bibi Pimbi naye, kadogo kama kikapu cha mayai, aliogopa sana, maana Ngiri ndiye jirani wa karibu pekee aliyembakia. Lakini bibi yule, jamani! Alfajiri akawagongea wazee milango, ngo ngo ngo. "Tokeni! Keti, inuka! Keti, inuka!" Siku ya kwanza Ngiri aliinuka mara moja, akatukana mara tatu. Siku ya saba akainuka mara nne.

Fisi akaja kuchungulia. "Mnafanya nini?"

"Tunajichosha tu, mwanangu," akasema Bibi Pimbi. "Wewe kijana unahangaikia nini? Keti mkekani. Umeshakula?"

Fisi na kula! Akaketi. Akaletewa ugali na mafuta, nyam nyam. Kesho yake akarudi, nyam nyam. Keshokutwa hakuondoka kabisa. Wazee keti, inuka! Fisi nyam nyam! Mpaka mavuno yakaisha.

Siku ikafika, wazee wakaketi mkekani. Kobe akainuka. Bibi Pimbi akainuka, chwi! Ngiri, ka! akatetemeka, ka! akasimama wima. Bibi Pimbi machozi yakamtoka kwa furaha.

"Bado mmoja," akasema.

"Nani?" Fisi akameza mate.

"Wewe, mwanangu. Si uko mkekani?"

Fisi akajiinua, pwaa! Akajiinua tena, pwaa! Akapiga kelele, "Jamani, nishikeni mkono!"

Wazee wakamzunguka.

"Tumle?" akauliza Ngiri.

"Na mafuta yote yale? Atatuharibia mazoezi," akasema Bibi Pimbi.

Wakamsukuma mteremkoni, bingiri bingiri bingiri, na hadi leo hajapanda tena.

Yamekwisha, uongo ni wangu, utamu ni wenu. Funzo? Mazoezi ya wazee ni mabaya sana, wajukuu zangu, yanamnyima Fisi kitoweo. Mkimwona bibi yenu anachuchumaa uwanjani asubuhi, mkamateni mumrudishe kitandani. Kama mtamfikia.