Shairi la Mkurugenzi

Jumanne saa tatu na robo asubuhi, Mkurugenzi Semkiwa alimwita Raya, karani wake aliyesifika kwa utunzi.

“Binti, keshokutwa kuna tamasha la malenga. Lile shairi lako nitalighani mimi, kwa jina langu. Ukibisha, tafuta kazi kwingine.”

“Sawa, mzee. Niliongezee ubeti wa kujitamba? Malenga wakubwa hawaukosi.”

“Ongeza! Tena uwatambie kwelikweli.”

“Kwa vina gani?”

“Vigumu kabisa. Wasiniweze.”

Alhamisi jioni Semkiwa alighani mpaka ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Ubeti wa mwisho ukawaita malenga wote wajitokeze wamjibu, kama kweli ni wanaume. Wazee wawili wakainuka, wakamjibu hapo hapo kwa vina vilevile, kisha wakamrudishia kipaza sauti, maana kwa desturi yao aliyechokoza ndiye hufunga malumbano, kwa ubeti wa papo hapo, bila karatasi.

Semkiwa alifuta jasho, akageuka nyuma alikoketi karani wake.

“Raya! Mwanangu, njoo umalizie shairi lako!”

Ukumbi mzima ulisikia.

Kesho yake asubuhi Raya aliwahi ofisini, akabisha hodi kwa mkurugenzi.

“Shikamoo, mzee. Wale wazee wanakusalimu. Wanauliza, Alhamisi ijayo utakuja tena?”