Fisi, Bi Nguchiro na Tonge la Mwanamize

Haya, mlio karibu!

— Tupo!

Na mlio jikoni?

— Tunakuja!

Masikio mmekuja nayo?

— Yote mawili!

Basi yategeni vizuri, maana leo ndoa imevunjika.

Aliondokea Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Mumewe alikuwa Fisi. Msiniulize walioanaje, mimi harusini sikualikwa. Wakazaa binti mmoja, Mwanamize, uso wa mama, madoa ya baba. Wakaishi katika pango zuri karibu na chemchemi. Fisi alikuwa akitoka, hasemi aendako, akirudi, anakula peke yake, akishakula, analala. Hata siku moja hakuwahi kukaa na mtoto kwenye sahani moja. Bi Nguchiro akavumilia, akavumilia, mwisho akachoka. Wakaachana.

Mwamuzi wa mashauri ya ndoa alikuwa Bi Kiboko. Desturi yake ilikuwa moja: atakayepewa mtoto ndiye atakayebaki na pango, ili mtoto asihamishwehamishwe. Fisi aliposikia hivyo, mate yakamdondoka, do, do, do. Wanyama wote hunywa maji pale chemchemini. Yeye akae mlangoni tu, nyama ijilete!

"Mtoto ni wangu," akasema. "Nampenda mno."

"Anapenda kula nini?" akauliza Bi Kiboko.

Fisi akajikuna shingo. "Anapenda... chakula."

Watu wakacheka. Hata hivyo Fisi ana nguvu, na wazee wa baraza wakaanza kunong'ona kwamba pango linahitaji mlinzi. Bi Nguchiro akaona mtoto anamponyoka hivi hivi. Akajitupa chini, akaangua kilio.

"Haya, mpeni! Ila namwombea mwanangu jambo moja dogo. Mlezi asile mpaka mtoto aseme ameshiba. Tumjaribu siku moja tu, toka jua lichomoze mpaka litue. Akiweza, mtoto wake, pango lake. Akila kabla, aondoke zake."

Fisi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kitoto kile? Matonge mawili kimeshiba! Naapa mbele yenu nyote."

Akaapa.

Asubuhi Bi Kiboko akachora mstari wa majivu mbele ya pango. Bi Nguchiro aketi nje ya mstari. Akiuvuka, amempoteza mtoto. Sufuria ya ugali na nyama ikawekwa katikati, inafuka moshi.

Mwanamize akamega tonge, akachovya, akalitia shavuni. Akatulia.

"Meza," akasema Fisi.

"Moto."

Fisi akangoja. "Haya, umeshiba?"

"Bado, Baba."

Tonge likahamia shavu la pili. Mwanamize akataka maji. Akataka kukojoa. Akataka kujua kwa nini konokono hana miguu. Tumbo la Fisi likalia, nguru, nguru.

"Umeshiba?"

"Bado, Baba."

Wala mama yake hakumfundisha. Ndivyo alivyokuwa akila kila siku ya Mungu, na mama akila makombo yaliyopoa. Ni Fisi tu asiyejua.

Jua likapanda. Nguru, nguru. "Umeshiba?" "Bado, Baba." Jua likapinduka. Nguru, nguru. "Umeshiba?" "Bado, Baba."

Jua lilipokaribia kilima, Fisi akaacha kuitazama sufuria. Sasa akawa anamtazama Mwanamize. Bi Nguchiro aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa akiwatazamia wana wa mbuzi. Akajisemea moyoni: Nimefanya nini mimi? Nimemtia mwanangu mdomoni kwa ujanja wangu mwenyewe!

Fisi akasogea hatua moja. Meno yakaonekana.

"Umeshiba?"

"Bado, Baba."

Akasogea hatua ya pili. Mguu wa Bi Nguchiro ukainuka juu ya majivu. Akivuka, mtoto hana. Asipovuka, mtoto analiwa. Akaurudisha mguu, akaikaza sauti isitetemeke, akaita kama anavyoita siku zote jikoni:

"Mwanamize! Nyama hiyo chumvi imekolea? Hebu mpe baba yako aonje. Anayeonja hahesabiwi kuwa amekula!"

Fisi akageuka. Mwanamize, mtoto mtiifu, akamega tonge nono, akamnyooshea.

Kap!

Likaenda tonge. Kap! Ikaenda nyama. Kap, kap, kap, Fisi kichwa chote kimo ndani ya sufuria.

"Umekula," akasema Bi Kiboko.

"Nimeonja! Si mmemsikia mwenyewe?"

"Anayeonja chumvi hutema. Wewe umetema nini?"

Fisi akafungua mdomo ajibu, akacheua. Akataka kuruka kwa hasira. Bi Kiboko naye akafungua kinywa chake, chote, mpaka magego yakaonekana. Fisi akaondoka mkia kati ya miguu.

Bi Nguchiro akauvuka mstari, akamkumbatia mwanawe, akalia, mara hii kilio cha kweli. Akamfuta mtoto mdomo.

"Mama," akauliza Mwanamize, "Baba atalala wapi?"

Bi Nguchiro hakuwa amelifikiria swali hilo.

"Kwa dada yake. Ijumaa atakuja kukutazama."

"Nimwekee nyama?"

"Mwekee, mwanangu. Tena mpe kwanza, ndipo ukae karibu naye."

Haya watoto, funzo mmelipata: kuleni upesi! Msiweke chakula shavuni, msiulize habari za konokono kwenye sahani, mkawashindisha baba zenu na njaa.

Ngano nimeitua hapa. Nani anaibeba?

— Sisi!

Ibebeni basi, mimi mabega yananiuma.