Paja la Wavu wa Lugendo

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mlimsikia mjomba wenu jana harusini akimsema shemeji yake hivyo, eti ni mchoyo lakini pilau anaijua, nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza: mtu akishanyongwa, haki ataifanyia nini? Swali zuri. Hata mimi lilinisumbua nilipokuwa rika lenu, na mpaka leo anayeyasema maneno haya ovyo ananiudhi. Basi kaeni bibi yenu niwaeleze yalikotoka.

Palikuwa na kijiji cha watu waliowinda kwa nyavu. Kila nyumba ilikuwa na wavu wake, na siku ya msako nyavu zote ziliunganishwa zikazunguka pori. Mnyama akinasa, nyama ni ya wote, lakini paja moja ni la mwenye wavu ulionasa. Hilo halikuwa na mjadala.

Kijijini hapo aliishi Lugendo, fukara asiye na ndugu. Siku moja ya upepo alichoma majani shambani mwake, moto ukaruka ukateketeza ghala la Jumbe Kiswaga. Kosa lilikuwa lake, wala hakulikana. Akafungwa kamba mguuni, akahukumiwa kumlimia jumbe mpaka mavuno.

Hukumu iliishia hapo, lakini watu hawakuishia hapo. Mmoja alipita akachukua jembe la Lugendo, mwingine akachukua kuku. Mkewe, Mwantumu, alipouliza, alijibiwa, "Si mumeo kafungwa?" Akarudi ndani amechanganyikiwa, maana neno lile lilikuwa kweli na bado halikuwa jibu. Na aliyechukua kuku alimsalimia kesho yake vizuri tu, akamuulizia na hali ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mchanga, na maziwa ya mama yalikuwa yanakauka kwa njaa.

Siku ya msako ikafika. Palipoonekana pengo kwenye mzunguko, vijana walikwenda kuchukua wavu wa Lugendo bila hata kupiga hodi. Mungu si Athumani. Kuro mkubwa, mnyama wa jamii ya swala, alizikwepa nyavu nyingine zote, akanasa kwenye huo.

Nyama ikakatwa uwanjani. Mgawaji, Mzee Chambuso, alipofika kwenye paja akasita. Wengine walisema ni la vijana waliouleta wavu. Wengine wakasema ni la jumbe, kwa kuwa mwenye wavu ni mfungwa wake. Mmoja akashauri litupwe tu lisilete ugomvi. Hakuna aliyemwelewa mwenziwe. Ndipo Mwantumu akaja na sinia, mtoto mgongoni.

"Nimekuja kuchukua paja," akasema.

"Paja la nani, mama?" jumbe akauliza. "Mumeo hakuwinda. Yuko shambani kwangu."

"Wavu ulionasa ni wa nani?"

"Wavu tuliuchukua sisi," jumbe akajibu.

"Mliuchukua kwa nani, baba?"

Jumbe akawatazama watu, watu wakamtazama mgawaji. "Lakini mumeo ana hatia," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajui tena anatetea nini.

"Anayo, na anaitumikia. Kama haiwatoshi, huyo mnyonge mnyongeni, mimi sina nguvu ya kuwazuia. Lakini haki yake mpeni. Kuchoma ghala hakukuufanya wavu wake uwe wenu."

Hapo machozi yakamtoka. Mzee Chambuso hakungoja ruhusa. Alilikata paja, akaliweka kwenye sinia, na jumbe hakumzuia.

Asubuhi yake jembe lilikutwa limeegemezwa mlangoni kwa Mwantumu. Kuku hakurudi, alishaliwa.

Mnaniuliza kama Lugendo alifunguliwa. Hakufunguliwa. Alilima mpaka mavuno, kwa sababu ghala la watu lilikuwa limeungua kweli. Ndiyo maana nawaambia, msidhani maneno haya ni ruhusa ya kumnyonga mtu. Yalitoka kwa mwanamke mwenye uchungu, aliyewaonyesha watu mahali adhabu inapokwisha na uonevu unapoanza, nao walikuwa wameshapavuka bila kujijua.

Jioni ile ya msako Mwantumu alipika, naye akala akashiba. Kisha akampelekea mumewe shambani. Lugendo akaketi kwenye tuta, kamba ingali mguuni, akala nyama ya paja lake mwenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.