Ukoko wa Harusi ya Salha

Hapo zamani, na si zamani ile ya majitu yenye jicho moja, ni zamani ya juzi hapa, ambayo waliokuwepo wengine hawasemeshani mpaka leo, palikuwa na kijiji juu milimani kiitwacho Kwamtindi. Kijiji chenyewe kina mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa kukaa kitako. Kwamtindi hawana la kujivunia ila moja tu, nalo ni ukoko.

Kwingine ukoko wa pilau hukwanguliwa kwa kijiko wakapewa watoto. Kwamtindi, la. Ukoko wa sufuria kubwa ya harusi hubanduliwa mzima mzima, ukawekwa juu ya sinia, akapewa mtu mmoja: yule ambaye bila yeye watu wasingekula siku ile. Haukatwi, kwa sababu ukoko ukikatwa na ndoa hukatika. Na bibi harusi hatoki kwao mpaka ukoko umeliwa wote, hata chembe isibaki.

Mwenye kuutoa ni mshika mwiko, na mshika mwiko wa miaka hiyo alikuwa Bi Hadia. Mikono ilikuwa imemkomaa kwa mvuke, na masikio yalikuwa mepesi kama ya paka. Bi Hadia amebandua ukoko wa harusi arobaini na moja, na hajaonja hata wa kuziba jino. Si kwamba ilikatazwa. Hakuna aliyewahi kusema mpishi asile. Ila hakuna pia aliyewahi kusema ale, na mtu mzima hajigawii mwenyewe watu wakimtazama. Basi kila harusi Bi Hadia alitoa sinia, akameza mate, akaenda kuosha sufuria.

Mwaka huo kikaingia kisomo cha watu wazima. Mwalimu alitoka huko tambarare, akawakalisha watu kwenye baraza ya msikiti kila Jumatatu na Alhamisi. Walipokwisha kujua kusoma akawaanzishia sayansi: maji safi na machafu, nishati, na vitu vinavyokwenda. Watu wakaingiwa na sayansi kama upele. Mtu akianguka njiani hapewi pole, anaulizwa ni kani gani imemwangusha. Mtihani uliwekwa Jumatatu, na Jumamosi ya kabla yake ndiyo harusi ya Salha, mjukuu wa Bi Hadia. Kwa hiyo watu walikuja harusini na madaftari.

Bi Hadia naye alikuwa mwanafunzi. Alikaa nyuma kabisa, na alichojifunza huko nyuma kilikuwa kingi, ila hakikuwa sayansi.

Siku ya harusi kumekucha, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Bi Hadia akafunua mapipa ya maji ya kupikia. Maji ni kama chai ya maziwa.

"Hapa hakuna pilau," akasema. "Kwa maji haya labda tukandike nyumba."

Akajitokeza Mama Kupaza, msusi, huyo ambaye ukisukwa naye unatoka na mistari saba kichwani na siri saba masikioni. Akafungua pindo la kanga, zikatoka mbegu za mlonge.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Hadia. Hili tulilisoma Alhamisi."

Akaziponda mbegu kwenye kinu, akakoroga unga wake mapipani, kwanza mbio, halafu polepole. Kisha akashika fimbo akakaa katikati ya mapipa, maana maji yakitikiswa uchafu hautuami. Kila aliyepita akikanyaga kwa kishindo alipigwa ya miguu. Alipigwa mjomba wa bwana harusi, akapigwa na mwenye kuleta viti. Saa moja na nusu baadaye tope lote limekaa chini, juu maji yanameremeta.

Mama wa bwana harusi, Bi Mchumo, aliyekuja na watu wake kutoka ng'ambo ya mto, akachungulia pipa akakunja pua. "Kwetu sisi maji hutoka bombani."

"Naona hata maneno kwenu hutoka bombani," Mama Kupaza akasema kwa sauti ya chini ya watu wote kusikia. "Hayakatiki."

Haya. Maji yamepatikana, sasa moto. Kuni zimelowa. Bi Hadia akapuliza mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, ukatoka moshi, na baada ya moshi ukatoka moshi.

Akajitokeza Mzee Shemweta, mfuga ng'ombe, mtu mfupi mwenye kauli ndefu.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Hadia. Hili tulilisoma Jumatatu. Nishati jadidifu. Kwangu nina shimo la gesi."

"Gesi ya nini?" akauliza Bi Mchumo.

"Ya samadi, mkwe."

Watu wakasogea nyuma hatua moja.

"Na choo changu nimekiunganisha humo humo," akaongeza Mzee Shemweta, naye hakuna aliyemuuliza.

"Mwanangu mimi," Bi Mchumo akasema, "ale pilau iliyopikwa na choo?"

"Mkwe, nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Ulichokula mwaka jana ndicho kinachokupikia mwaka huu. Unakataaje chako?"

Bi Mchumo akavuta mtandio puani akapisha njia, maana njaa haina jeuri. Tatizo ni kwamba nyumba ya Mzee Shemweta iko juu kabisa, kule mawingu yanapolala, na harusi iko chini. Wakapandisha sufuria, wakapandisha mchele na nyama, wakapandisha maji ya Mama Kupaza ndoo kwa ndoo, mwenyewe akifuata nyuma na fimbo, na wageni nyuma yake.

Moto ukawaka wa buluu, mzuri kama macho ya paka. Nyama ikaiva, mchele ukaingia, na hapo hapo moto ukaanza kusinzia. Mzee Shemweta akatoka mbio kwenda kukoroga shimo kwa mti mrefu, akawaomba wageni waliokunywa chai tangu asubuhi wasiende mbali. Mwalimu alikuwa amesema samadi haitoi gesi siku hiyo hiyo, lakini wakati huo hakuna aliyetaka kukumbuka. Watu walichangia. Bi Mchumo mwenyewe alionekana akielekea kule mara mbili, akitembea kama anayekagua mibuni. Moto ukarudi.

Bi Hadia akafunika sufuria. Pilau ya kawaida hupaliwa makaa juu ya kifuniko, sasa hapa makaa yatoke wapi? Akapunguza moto, akakaa kusikiliza mchele, maana mpishi wa kweli hupika kwa masikio. Ndipo jirani mmoja akamwita uani. Mke wa katibu wa kijiji ameonekana akiteremsha vitanda viwili vipya. Viwili. Na nyumba ni ya watu wawili.

Hebu wewe ungekaa? Bi Hadia akasogea uani, aulize neno moja tu. Neno moja likazaa la pili, na la pili likataja mtu wa Lwandai mwenye meno ya dhahabu. Alipokumbuka sufuria, pua ndiyo iliyomkumbusha. Akakimbia, akazima moto, akafunua. Juu pilau imesimama punje punje. Chini, kwa alivyogusa na mwiko, pameshika ukoko mnene kama kidole gumba. Angekaa uani mpaka apate jina la yule wa meno ya dhahabu, wageni wangekula masizi. Akafunika, hakumwambia mtu.

Sasa sufuria ishuke. Wanaume wanne wakajaribu kuibeba, wakatazama mteremko ulivyolainika kwa mvua, wakaitua.

Akajitokeza Mbelwa, msukuma toroli, kijana mwenye suruali moja nzuri ya kadeti, na siku hiyo ndiyo aliyoivaa.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Hadia. Hili tulilisoma Alhamisi ya juzi. Adui ni mteremko, rafiki ni msuguano."

Akamwaga majivu na maranda njia nzima ili tairi lisiteleze. Akaifunga sufuria kwenye toroli, akazungusha kamba kwenye mti wa kwanza ili mzigo ushuke kwa kujivuta, kisha mti wa pili, kisha wa tatu. Ikashuka kwa adabu kama bibi harusi. Kufika nusu ya njia, miti ikaisha. Ilikatwa mwaka juzi ikawa mkaa, na aliyeikata alikuwepo, akatazama pembeni.

Toroli likaanza kwenda.

"Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo mpaka kizuiwe," Mbelwa akasema, akatazama huku na huku, akaona wa kukizuia ni yeye. Akashika mikono ya toroli akakaa chini. Akaburuzwa akapita kwa fundi baiskeli, akapita msikitini, akapita kundi la wazee ambao baadaye waliapa kuwa alikuwa akitamka kanuni ya mwendokasi, umbali gawanya kwa muda, bila kukosea. Toroli likasimama kizingitini pa nyumba ya harusi. Hakikumwagika kitu. Mbelwa akainuka, na ile suruali ya kadeti ikawa imebaki ya mbele tu. Bi Hadia akamfunga kanga kiunoni, iliyoandikwa YA NYUMA YANGU HAYAKUHUSU.

Watu wakala. Bi Mchumo, yule wa bombani, akala akaongeza, akaongeza tena, akasema kwao huwa wanatia iliki zaidi.

Kisha sinia likaletwa. Bi Hadia akapitisha mwiko pembeni, akatikisa, akapindua. Ukoko ukatoka mzima. Jamani, ukoko ule. Rangi ya dhahabu, mafuta yanang'aa kwa mbali, gome la mdalasini limeganda katikati kama muhuri. Harusi arobaini na moja hazijawahi kutoa kitu kama kile. Watu wakasimama.

"Ni wangu," Mama Kupaza akasema. "Maji yalikuwa tope. Bila mbegu zangu mngepika nini? Na mbegu zenyewe nilikuwa nimeziweka za kupanda. Mlonge wangu wa mwakani mmeunywa."

"Maji safi yasiyo na moto ni ya kuoga," Mzee Shemweta akasema. "Wangu huo. Nimekoroga shimo kwa mikono hii, na hadi leo jioni hakuna aliyenipa mkono. Shimo langu limekauka, mke wangu atapikia nini kesho?"

"Pilau iliyoko mlimani ni hadithi," Mbelwa akasema. "Mimi ndiye niliyeileta mdomoni. Wenzangu wametoa mbegu na mavi. Mimi nimetoa suruali. Mtu asiyeamini nimgeukie aone."

Wakamwomba asigeuke.

Wakabishana kwa sayansi, daftari zikafunguliwa. Mmoja anasoma habari za mashapo, mwingine habari za nishati, mwingine habari za msuguano, na wote wanasoma kwa pamoja. Salha yuko mlangoni na shela lake, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anangoja ukoko uliwe.

"Bibi, mpe yeyote," akanong'ona. "Mimi nataka kwenda kwa mume wangu."

Bi Mchumo akainuka, akajifunga mtandio. "Sikilizeni, watu wa Kwamtindi. Mto unajaa. Jua likiingia nyuma ya mlima ule hatuvuki, na mimi kulala kwenye kijiji kinachopikia choo silali. Ukoko huo uliwe sasa hivi. La sivyo tunavuka bila bibi harusi, na mahari mturudishie."

Bi Hadia akamtazama Salha. Mjukuu wake huyo mmoja, amemlea tangu kunyonya. Akamtazama Mama Kupaza, akamtazama Mzee Shemweta, akamtazama Mbelwa na kanga yake. Kweli, bila maji wasingekula. Kweli, bila moto wasingekula. Kweli, bila toroli wasingekula.

Ndipo Bi Mchumo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno lenye faida, akauliza: "Kwani aliyepika ni nani?"

Daftari zikafungwa.

"Aliyepika ni mpishi," Mzee Shemweta akasema. "Kupika ni kazi yake."

"Na kusuka ni kazi ya huyu, na ng'ombe ni kazi yako, na toroli ni kazi ya huyo asiye na suruali. Maji, moto na tairi havijui chumvi. Nimekula harusi ngapi mimi, mkono kama huu sijauona. Ukoko kama ule hautokei wenyewe. Unahitaji mtu anayekaa na sufuria bila kuondoka hata dakika."

Bi Hadia akajaa mate mdomoni. Harusi arobaini na moja, na leo ndiyo kwanza mtu anamtaja, tena adui. Mkono ukaanza kuelekea kwenye sinia wenyewe, kama toroli lililokosa mti. Halafu akakumbuka uani. Akakumbuka vitanda viwili. Kama angekaa na sufuria kama Bi Mchumo anavyodhani, ukoko ungekuwa mwembamba kama karatasi. Umbeya ndio ulioupika, na umbeya huo huo nusura uunguze harusi ya mjukuu wake. Na anayejua hilo ni yeye peke yake. Akisema, anajiondoa mwenyewe. Asiposema, anameza ukoko na uongo pamoja.

Jua limegusa mlima. Mto unasikika mpaka mlangoni. Salha bado ana mguu mmoja nje.

Basi nyinyi mliokaa hapo mkitafuna karanga, msinitazame mimi, semeni upesi kabla watu hawajashindwa kuvuka. Yuko aliyesafisha maji akapoteza mbegu zake. Yuko aliyetoa moto akakosa wa kumpa mkono. Yuko aliyeshusha sufuria kwa makalio yake mwenyewe. Na yuko aliyepika, akaacha kupika kwa ajili ya vitanda vya watu, na kwa kosa hilo hilo ukoko ukawa ukoko. Haukatwi, hauliwi na wawili, na harusi inangoja.

Je, nani alistahili ule ukoko?