Kofia Moja ya Bi Mize

Nikupe kisa, nawe unirudishie hukumu.

Kisiwani Pemba walikuwako watu watatu. Makame alijaaliwa ulimi usioficha. Daktari Nassor, mkono usiotikisika. Shaibu, fundi miwani, subira. Jirani yao Bi Mize, mshona kofia, yeye alijaaliwa ukaidi.

Mwaka mzima Bi Mize aliona ukungu, na vitundu vya kofia vikamkimbia. Akamlaumu mkaza mwanawe, Time, kuwa anamletea uzi mbovu. Moyoni alijua anamsingizia. Kila baada ya sala alimwomba Mungu msamaha. Lakini kumwomba radhi Time mwenyewe, hakumwomba.

Asubuhi moja Bi Mize alisimama uani kwa Makame. "Asalaam alekum, Shehe."

"Bi Mize," akasema Makame kutoka dirishani, "hiyo ni kanzu yangu nimeianika. Usiisubiri ikuitikie."

Watu wakacheka. Makame hakucheka. "Uzi hauna kosa, mama. Macho ndiyo mabovu. Kesho nakupeleka hospitali."

Bi Mize akanuna, lakini akaenda. Njiani akaweka nadhiri: kofia ya kwanza atakayoishona akiona, ni ya mtu aliyemrudishia macho.

Daktari Nassor akammulika. "Una mtoto wa jicho, kote kuwili. Kioo cha ndani kimeingia ukungu, na miwani haikisafishi."

"Sasa utanifanyaje, mwanangu?"

"Nakitoa, nakutilia kipya."

Akatoa cha jicho moja, na baada ya wiki kadhaa cha la pili. Bi Mize akaona karafuu mtini ng'ambo ya barabara, akacheka peke yake.

Ila tundu la sindano bado hakuliona, akaenda kwa Shaibu.

"Kioo kipya kinaona mbali," akasema Shaibu. "Karibu ni kazi yangu." Akampima, akabadilisha lenzi mara kumi na moja, naye Bi Mize akigomba, "Hii si ya babu yako?" mpaka uzi ukapenya tunduni.

Siku hiyo hiyo akamwomba Time radhi. Kisha akashona miezi minne.

Sikukuu ya Idi wote watatu, walioisikia ile nadhiri, wakaja kuidai kofia.

"Bila mimi angali anasalimia kanzu," akasema Makame.

"Bila mimi ungemleta hospitali kutembea tu," akajibu daktari.

"Na bila mimi," akasema Shaibu, "hiyo kofia mngeigombania wapi?"

"Mama, mpe mmoja," Time akaita, "pilau inapoa."

Bi Mize akaishika kofia kwa mikono miwili. Nadhiri ni ya mtu mmoja, na kofia haikatwi mafungu.

Haya, wewe uliyesikiliza: ungekivika kichwa cha nani?